Barua kwa vijana wangu wa chemisti za Mombasa

Vijana wangu mnaosimama nyuma ya kaunta, Majengo, Kongowea, Likoni mpaka Mtopanga, salaam aleikum. Mimi mzee wenu nimeshinda maabara miaka mingi nikiotesha bakteria wa mikojo na damu za watu, sasa nimestaafu niko barazani, lakini mdomo haujastaafu. Neno langu ni zile kapsuli mbili mbili za amoksilini, dawa ya kuua bakteria, mnazomkatia mtu wa mafua kwa vichele.

Mwasema ah mzee, zisipomfaa hazimdhuru. Hapo sasa! Mafua ni virusi, dawa haina la kufanya kule puani, ila ikimezwa yateremka tumboni kwenye bakteria kibao, wengi hata hawana ubaya, na kati yao wako wenye jeni, yaani maagizo ya urithi, ya kutengeneza enzaimu iitwayo beta-laktamasi. Penisilini na jamaa zake, amoksilini ikiwamo, wana kipete cha pembe nne, nguvu yote iko hapo, enzaimu ikishakikata hamna dawa tena. Na si mambo ya juzi, wanasayansi Abraham na Chain waliiandika enzaimu hiyo 1940, penisilini yenyewe haijaanza kuuzwa. Basi wasio na jeni wafa, wenye nayo wajinafasi.

Sasa balaa lenyewe. Jeni ile mara nyingi yakaa kwenye plasmidi, kijiduara cha DNA ambacho bakteria humpa jirani hata asiye wa kabila lake, kama mnavyorushiana nyimbo kwa bluetooth, mpaji abaki nayo na mpokeaji ana yake. E. koli, bakteria mpole wa tumboni, ampa bakteria mwingine, Klebsiella, na Klebsiella ndiye yule asumbuaye wodi za watoto wachanga. Tena plasmidi moja yaweza kubeba pamoja jeni za kushinda dawa nyingine kama Septrin na jentamaisini, kwa hivyo ukiuza Septrin ovyo wamlinda pia yule wa kushinda amoksilini. Hili ndilo laniudhi zaidi, maana wengi hawalijui kabisa.

Ati kuna sindano za nguvu, seftriaksoni. Enzaimu nazo zabadilika wanangu, mojawapo ya hizo beta-laktamasi ni TEM-1, iliyopatikana Ugiriki miaka ya 60, amino asidi moja mbili zikigeuka yaanza kukata na dawa za jamii hiyo. Bakteria wenye enzaimu hiyo iliyogeuka nimewaona kwa macho yangu: waweka kwenye sahani ya kuwaoteshea kijikaratasi cha seftazidimu, ndugu ya seftriaksoni, kando yake cha klavulaneti, asubuhi wakuta bakteria wamemea mpaka karibu na seftazidimu, isipokuwa ule upande ulioelekea klavulaneti, hapo peupe, sababu klavulaneti yaishika ile enzaimu isifanye kazi. Lakini kuna enzaimu nyingine, NDM-1, ya 2008, hiyo hata klavulaneti haifui dafu mbele yake, na yakata mpaka karbapenemu, dawa za akiba za hospitali.

Najua mtasema nikimnyima ataenda duka la pili, na bosi ahesabu mauzo jioni. Bosi mwambieni nimesema mimi. Mwenye mafua mpeni Panadol anywe maji alale, mtoto wa kuharisha ORS na zinki, mama ambaye UTI yamrudia kila mara akaoteshwe mkojo, msimbadilishie dawa kwa kubahatisha. Karatasi ya daktari ni sheria, mwajua wenyewe. Na yule ajaye na kipande cha pakiti mkononi ataka "kama hizi", muulizeni kwanza aliandikiwa nani.