Mwanangu, mabano kwanza

Mwanangu Neema,

Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Dada yako kaniambia umeshaingia kwenye integresheni, na kidato cha tano hakijafunguliwa. Nimefurahi, tena sana. Lakini picha za daftari ulizonitumia zimeninyima raha: umeandika (x + h)² = x² + h². Mabano, mwanangu! Ukienda hivyo PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) itakutesa, na tatizo halitakuwa kalkulasi, ni aljebra.

Rudi nyuma kwenye difarensiesheni, yaani kutafuta mteremko wa grafu; integresheni ni kinyume chake. Chukua y = x², simama kwenye x = 3. Tafuta mteremko hadi 3.1: 9.61 toa 9, gawa kwa 0.1, unapata 6.1. Rudia kwa 3.01, utapata 6.01, kwa 3.001, ni 6.001. Inasogelea 6. Kokotoa kwa mkono ili uone hiyo 6 inatoka wapi. Halafu njoo kwenye herufi, h ikiwa ile hatua ndogo (0.1, 0.01): (x + h)² toa x² inabaki 2xh + h², gawa kwa h, unapata 2x + h. Hapo ndipo h iende sifuri. Ukiiweka sifuri kabla ya kugawa, unaangukia sifuri juu ya sifuri, umekwama. Na ukiidondosha 2xh kama ulivyofanya daftarini, mteremko unakuwa sifuri kila mahali, wakati grafu uliyoichora mwenyewe inapanda. Jedwali likisema 6 na herufi zikisema 0, tafuta ulichodondosha.

Integresheni iache wiki mbili. Kila asubuhi saa moja nzima: mabano, sehemu zenye herufi, vipeo hasi. 1/x² uigeuze x⁻² bila kusita, kwa sababu kanuni ya kushusha kipeo inataka kipeo kionekane. Funga kitabu ndipo ukokotoe. Mfano uliokwisha kokotolewa unadanganya, kila mstari unaonekana rahisi. Akili unazo, subira huna, na pengine sifa nilizokumwagia matokeo yalipotoka zimekuharakisha. Ukiirudia integresheni, kila jibu lifanyie difarensiesheni. Lisipokurudisha ulikoanzia, limekosewa.

Tranka la kaka yako bawaba imelegea, lipelekeni kwa fundi mapema, karibu na kufungua shule watakuwa na foleni. Hela ya LUKU nimemtumia mama, na dawa za presha za bibi zisikatike. Jumapili nitumie picha za mabano, maswali ishirini, na yale uliyokosa usiyafute.

Baba yako