Salamu za Iddi, na Tende za Ami

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Jamaa, majirani na marafiki, mlio hapa Mombasa na mlio Unguja, Maskati na London: Iddi Mubarak. Minal aidina walfaizina. Mwenyezi Mungu azitakabali funga zetu, visimamo vyetu na sadaka zetu, awape shifaa wagonjwa, awarehemu waliotangulia, na atufikishe Ramadhani nyingine tukiwa wazima. Amin.

Iddi hii ni ya kwanza bila Ami. Mliokuwa mkikaa naye barazani mwajua kwamba ukimwambia umenunua tende, hakukupongeza. Alikuuliza, "Tende gani?" Kisha aanze darsa. Khalasi ya Omani, yaani iliyo safi, haina mchanganyiko. Halawi ya Basra, nasaba moja na halua. Khadhrawi, kwa ukijani wake. Deglet nour ya Algeria na Tunisia, tende ya nuru, kwa kuwa ukiiinua juani waweza kuiona kokwa ndani. Fardhi nayo aliisifu zaidi ya haki yake, akisema hiyo, kwa jina lake, hailiwi kwa hiari. Na zote, kwake, ziliandamana na kahawa chungu. Aliyeomba sukari kwenye kahawa alitazamwa vibaya.

Alikulia karibu na Bandari ya Kale, mabumu, majahazi ya Ghuba, yakiingia na kaskazi yamesheheni makanda ya tende za Basra, yakingoja kusi yarudi na boriti za mikoko. Vita vya Iraki na Irani, 1980 hadi 1988, vilipoangamiza mitende ya Shatt al-Arab, mto wa Basra, aliomboleza kama aliyechomewa shamba lake mwenyewe.

Miaka ya mwisho daktari alimkataza tende kwa ajili ya kisukari. Alikubali kwa adabu. Tulipokuwa tukigawa nguo zake, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu nikakuta kokwa tatu, kavu. Hata kwa kuiba alikula witiri, hesabu isiyogawika kwa mbili. Nilicheka, halafu nikashindwa kuendelea na kazi, akamalizia dada.

Mwaka umekuwa mzito, sina haja ya kuwasimulia. Unga, mafuta na nazi vimepanda, na boksi la tende limepungua uzito huku bei ikienda juu. Wapo waliofuturu kwa maji mwezi mzima, si kwa kufuata sunna, bali kwa kukosa. Na wapo wenye maduka wanaongoja mwezi uandame ndipo wabadilishe bei. Ndugu zangu, hii funga tumeifunga ya nini? Tumbo kukaa na njaa mchana kutwa, kisha ulimi na mizani vibaki vilevile? Mtume (S.A.W.) ametuambia tujikinge na Moto hata kwa kipande cha tende. Kipande! Hakusema boksi la zawadi lenye utepe, la kupigwa picha na kurushwa kwenye kundi la familia. Basi ambaye hajatoa zakatul-fitri aitoe usiku huu, pishi kwa kila kichwa, imfikie maskini kabla ya swala. Ikichelewa ikapita swala, huhesabiwa sadaka kama sadaka nyingine. Na tuwaangalie wajane, mayatima, na wale jirani wasiosema kitu.

Asubuhi msitoke na tumbo tupu. Mtume (S.A.W.) hakuwa akitoka siku ya Iddi ya mfunguo mosi mpaka ale tende, na akizila kwa witiri. Tende yoyote yatosha, Ami hayupo wa kuuliza.

Baada ya swala nyumba iko wazi. Kahawa chungu ipo, kaimati zipo, tende ni khunaizi kwa kuwa ndizo zilizobaki sokoni. Watoto waje mapema kuchukua mkono wa Iddi, noti ndogo nilizopata benki ni chache.

Kulla am wa antum bikheir.