Kulanti ikipungua msikimbilie gasketi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie kidogo kuhusu hizi ndege ndogo za injini ya Rotax 912, maana kila kulanti (yale maji ya kupozea injini) ikipungua utasikia gasketi ya hedi imekwisha, yaani ile ya kuziba kati ya silinda na hedi, kichwa chake, na anayesema hivyo mara nyingi ni fundi mzuri tu wa magari aliyeitwa kutoka Kampala. Jamani, hii siyo Premio. Kwenye Rotax 912 silinda zinapozwa na hewa, maji yanazunguka kwenye hedi tu, hayapiti katikati ya hedi na silinda, kwa hiyo hiyo gasketi ya kuvujisha maji anayoitafuta haipo. Hedi inaweza kupasuka, sawa, lakini hilo liwe la mwisho kuliwaza. Mafundi wa ndege nao wengi wamekulia kwenye Cessna 172 ambayo injini yake haina hata tone la maji, siwalaumu sana.

Mimi naanzia kwenye kile kichupa cha pembeni kinachopokea kulanti inayozidi. Subiri injini ipoe kabisa (ikiwa moto usiguse kifuniko, itakubabua uso) halafu fungua tangi la juu uangalie. Tangi limepungua ila kichupa kimejaa? Basi maji yametoka yakashindwa kurudi. Injini ikipata joto kulanti inatanuka, inasukuma vali ya kifuniko inaenda kichupani, ikipoa inavutwa irudi, sasa kama ile vali ndogo ya chini imeganda au kale kapaipu ka kwenda kichupani kana ufa, kinachovutwa ni hewa. Geuza kifuniko uone mpira wake, ukikuta umekuwa mgumu au una mfereji umechimbika duara nzima, tupa. Soma na namba ya presha iliyoandikwa juu yake: vya zamani ni bar 0.9, vya siku hizi 1.2, na cha gari kinaweza kuingia vizuri kabisa na kisiwe chenyewe. Huku kwetu presha si jambo dogo, Entebbe iko kama mita 1,150 juu ya bahari, maji matupu bila presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, na hapo hujapaa bado.

Vikipungua vyote viwili, tafuta panapovuja. Pitisha tochi kwenye klampu zote, kulanti ikikauka inaacha ukoko wa rangi yake. Chini ya pampu ya maji kuna kitundu kidogo kimewekwa makusudi, kikidondosha kulanti ni sili (kizuia uvujaji) ya pampu, kikidondosha oili ni sili ya shafti upande wa injini. Wapo wanaokiziba na silikoni! Ukikiziba, kulanti inatafuta njia ya kuingia kwenye oili. Usipoona kitu, funga ile pampu ya mkono yenye geji kwenye tangi, jaza presha isiyozidi ya kifuniko, uone kama mshale unashuka.

Hii tabia ya kujaziajazia kila asubuhi ndiyo inayonitisha. Injini nyingine zinapima joto la maji yenyewe siyo la chuma cha hedi, na maji yakiisha sensa inabaki hewani, rubani anaona geji imetulia wakati hedi zinaungua.

Fundi, Kajjansi