Barua kwa Mama Kadzo kuhusu ile pesa ya kiinua mgongo

Voi, 24 Agosti 2025

Mama Kadzo, dada yangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, hofu ni kwako na yale magoti. Usinihesabie kimya changu. Tangu mazishi ya babake Dama tumeongea mara mbili tu, na mara zote mbili mtandao ulikatika kabla hatujamaliza kujuliana hali. Leo nimetoka kanisani nikaona nikuandikie kwa kituo, maana jambo hili nikilisema kwa simu nitalia, nawe ukinisikia nalia utapanda gari usiku uje.

Ni ile pesa yangu ya kiinua mgongo. Unajua niliiweka benki, amana ya muda maalumu, shilingi 800,000. Mwaka jana mwezi wa Agosti niliifungia mwaka mzima kwa asilimia 13. Ukitoa kodi, ile asilimia 15 ya riba inayokwenda kwa serikali, nilikuwa napata 22,100 kila baada ya miezi mitatu. Mwakio yuko kidato cha tatu sasa, na mamake unajua hali yake. Ile 22,100 ndiyo karo ya kijana, na inayobaki ni dawa zangu za presha. Nilikuwa nikiliona gari la shule limesimama barabarani sishtuki, kwa sababu najua tarehe fulani kitu kitaingia.

Jumatano nikaenda benki kuuliza mbona bado kimya. Yule binti wa kidirishani akabonyeza mashine yake, akachukua kikaratasi, akaandika "7.5", akakipitisha chini ya kioo bila kusema neno. Mimi nikadhani ni namba ya foleni. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii ni nini?" Akaniambia muda wangu uliisha tarehe 8, sikuja, kwa hivyo pesa imejifunga tena yenyewe mwaka mzima kwa kiwango cha siku hiyo. Kwamba walinitumia ujumbe. Ujumbe nimeutafuta nikaupata: wa saa kumi na moja alfajiri, wa Kiingereza, umekaa katikati ya matangazo ya kukopa kwa simu.

Nilipofika nyumbani nikatoa ile hati kwenye kopo la biskuti ninamoweka vyeti vya kuzaliwa. Kweli imeandikwa hapo chini kwa herufi ndogo kama sisimizi, nami nilitia sahihi. Siwezi kusema wameniibia. Lakini Mama Kadzo, sisi tulipokuwa kazini tulimwelezea mgonjwa dawa mara tatu, asubuhi ngapi, jioni ngapi, kisha tukamwambia arudie yeye mwenyewe tusikie. Mzee wa miaka 62 anapangiwa mwaka mzima wa maisha yake kwa ujumbe wa alfajiri?

Sasa piga hesabu nami. Asilimia 7.5 ya 800,000 ni 60,000 kwa mwaka. Toa kodi, inabaki 51,000. Gawa mara nne: 12,750. Kutoka 22,100 hadi 12,750. Hiyo 9,350 iliyopungua kila miezi mitatu siitoi kwenye anasa, maana anasa sina.

Shemeji yako, babake Righa, ananiambia nisilaumu benki, riba imeshuka nchi nzima. Amenikalisha akanieleza vizuri, na nakiri nimemwelewa. Anasema Februari 2024 Benki Kuu ilikuwa imepandisha kiwango chake cha riba hadi asilimia 13, wakati ule dola ilitufikisha shilingi 160 na kila mtu ana wasiwasi na lile deni la nje la serikali, Eurobond, la dola bilioni 2, lililotakiwa kulipwa mwezi wa Juni. Serikali yenyewe ilikuwa inakopa watu kwa hawala za siku 91, yaani mikopo ya miezi mitatu, na kulipa karibu asilimia 16. Nani angeiacha pesa yake benki kwa asilimia 8 ilhali serikali inatoa 16? Kwa hivyo benki zikawa zinatubembeleza. Ndio ule wakati tulikuwa tunapewa chai kwa meneja, unakumbuka? Kisha shilingi ikatulia kwenye 129, bei zikatulia, na kuanzia Agosti mwaka jana Benki Kuu imekuwa ikipunguza kila inapokutana. Mara saba mfululizo. Juzi tarehe 12 wamefika asilimia 9.5. Hawala za siku 91 nazo ziko kwenye 8 hivi. Benki haina tena haja ya kutubembeleza.

Na anasema nitazame pia upande wa pili: Julai mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 4.1, kwa hivyo hata hiyo 7.5 baada ya kodi bado inaipita bei ya unga. Ni kweli. Lakini karo haikushuka. Na mkopo wake yeye, ule wa pikipiki mbili, nilimuuliza umepungua kiasi gani, akanyamaza kidogo kisha akasema "kidogo". Huo mkopo uko benki ile ile iliyokata riba yangu karibu nusu kwa siku moja. Hapo ndipo ninapokwama, dada. Kupanda na kushuka nimekubali. Ila mbona kwangu kushuka kunafika mara moja na kwake kunafika kwa kusuasua?

Nirudi kwa pesa. Kuna jambo linanitisha kuliko hiyo 7.5. Mama Wakesho amekuja hapa mara mbili tangu asikie. Kuna watu wa Nairobi, anasema, unaweka pesa wanakupa asilimia 10 kwa mwezi. Kwa mwezi! Alikuja na karatasi ya rangi nzuri, na dada mmoja wa kanisani ameshatia laki mbili na amelipwa mwezi wa kwanza. Nimemwambia hapana, mara zote mbili. Lakini nitakueleza ukweli ambao sijamwambia mtu mwingine: usiku ule wa Jumatano, nikiwa na kile kikaratasi cha 7.5 mkononi, nilipiga hesabu ya hiyo asilimia 10. Niliipiga mpaka mwisho. Nikaogopa, nikazima taa. Riba ikishuka hivi, wazee wangapi wanapiga hesabu hiyo usiku, na wangapi hawana mtu wa kumwandikia?

Wewe uliniambia, na sijasahau. Februari ile ya 2024 ulikuja na gazeti, ile bondi ya miundombinu ya miaka 8 na nusu, unaikopesha serikali kwa asilimia 18.46 na haikatwi kodi. Ukasema, "Mama Mkamburi, twende pamoja." Mimi nikaogopa miaka. Nikaona benki ndiyo karibu, nikiitaka pesa nitaipata. Wewe leo unalipwa kila miezi sita na hujui hata habari za riba kushuka. Sikuonei kijicho, nafurahi sana. Najuta tu kwamba sikukusikiliza.

Sasa nataka kurekebisha, na muda ni mfupi. Nimeuliza nikivunja amana nitapoteza nini. Meneja akaniambia nitapoteza riba ya siku zilizopita tangu tarehe 8. Nimepiga hesabu, mpaka leo ni siku 16, haifiki 3,000. Nikingoja mpaka Desemba, nitapoteza mengi. Yeye ananishauri nitulie, nisivunje. Labda ana haki yake, hiyo ndiyo kazi yake.

Babake Righa anasema bondi za kawaida za miaka 10 sasa ziko kama asilimia 13, na kodi yake ni 10 badala ya 15. Laki nane yote ingenipa 46,800 kila nusu mwaka. Hiyo ingetosha kabisa. Lakini miaka 10, Mama Kadzo! Nitakuwa na 72. Anasema ukikwama unaweza kuiuza kabla, ila bei yaweza kuwa chini siku hiyo. Nafikiria kutia laki tano, na laki tatu ziendelee benki, za miezi mitatu mitatu, kwa ajili ya karo na kama nitalazwa. Halafu tena nafikiria... basi, nimeliwaza hili mpaka kichwa kinauma.

Ninachokuomba ni hiki. Njoo tukae pamoja Mombasa siku moja wiki ijayo. Ile programu ya Benki Kuu ya kununulia bondi kwa simu, DhowCSD, sitaki mtoto wa saiba anijazie namba zangu. Wewe umeshaipitia. Mimi nitapanda treni, nikishuka Miritini nikupigie.

Niambie: wewe ulipojiandikisha ilichukua siku ngapi mpaka akaunti ikakubaliwa? Walikutaka barua ya benki au kitambulisho kilitosha? Ile pesa ya miezi sita huingia tarehe ile ile kila mara, au hukawia? Umewahi kujuta kuifungia miaka yote ile? Na pale unapoandika riba unayoitaka, uliandika nini, au uliacha wakupangie? Kadzo amejifungua? Magoti yanakuruhusu kupanda matatu au nije mimi mpaka Kilifi?

Nijibu kabla ya Alhamisi, maana Ijumaa nataka niwe nimemwambia meneja navunja ama sivunji. Ndizi za Wundanyi nimekuwekea, bado mbichi, zitaiva tukikutana.

Nduguyo,
Mama Mkamburi