Simu icheze video, ila kwa ruhusa ya mwenye simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba simu janja haina budi kufungua kila kilichomo mtandaoni, video, michezo na matangazo yanayorukaruka, na kwamba anayelalamikia chaji akanunue simu mpya. Mimi ni fundi simu hapa Ngamiani, Tanga, tangu 2010. Simu anazozijadili yeye ndizo ninazozifungua kwa bisibisi kila siku.

Mwezi uliopita alinijia mvuvi wa Kigombe, amenuna. "Fundi, betri uliyoniuzia mbovu." Nilikuwa nimemwekea wiki tatu tu nyuma. Nikaipima, nzima. Nikamuuliza, baba, simu hii unaitumiaje? Akaapa kwamba yeye mtu mzima, mambo ya video hana. Alfajiri humpigia mchuuzi wa soko la samaki la Deep Sea kuulizia bei, jioni huangalia matokeo ya timu yetu ya soka, Coastal Union, basi. Nikamwambia fungua nione.

Akafungua ukurasa wa michezo. Matokeo yenyewe ni mstari mmoja. Lakini juu yake kulikuwa na tangazo la video lililojianzisha bila sauti, chini magoli ya Ulaya nayo yanajicheza, na katikati picha zinazopepesuka kama kibendera cha ngalawa. Mzee hakuzigusa wala hakuziona kuwa ni video, maana hazikutoa sauti. Yeye akawa anasoma tu, habari hii hadi ile, maoni ya mashabiki, matusi ya mashabiki. Haikupita robo saa, mgongo wa simu ukawa wa moto. Ndivyo anavyofanya kila jioni kwa saa nzima, halafu anaingia baharini usiku na chaji iliyobaki. Siku iliyomleta kwangu, simu ilizima kabla hajampata mchuuzi, na samaki wakafika sokoni wanunuzi wazuri wameshaondoka.

Sasa huyu naye tumwambie akanunue simu mpya?

Ugomvi huu si wa leo. Aprili 2010 Steve Jobs wa Apple alitoa barua ya wazi kueleza kwa nini iPhone na iPad hazitapokea Flash ya Adobe, programu ambayo wakati ule ndiyo iliyobeba video, michezo na matangazo mengi ya mtandaoni. Alikuwa na sababu kadhaa, na sitasema zote zilikuwa za kumhurumia mteja. Apple ina duka lake la programu, na vitu vya Flash vingeingia simuni bila kubisha hodi dukani humo. Lakini kwenye betri alisema kweli. Alieleza kwamba iPhone inaweza kucheza video za H.264, mtindo wa kuhifadhi video ambao chipu yake inaujua, hadi saa 10, ila video inayofunguliwa kwa nguvu ya programu peke yake humaliza betri kabla ya saa 5.

Wenye Android wakacheka, kwa kuwa wao Flash waliipata mwaka huohuo. Wachache waliokuwa na simu hizo hapa mjini walinijia niwawekee, nikawawekea, na wiki haikwisha wakarudi niitoe. Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza kuacha kuiendeleza Flash ya kwenye vivinjari vya simu, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao. Mwisho wa 2020 wakaifunga hata kwenye kompyuta. Marehemu amezikwa, matanga yameanuliwa, ila njaa yake imerithiwa.

Niseme inavyokuwa ndani ya simu, maana hapa ndipo msomaji wako alipoteleza. Kwenye chipu ya simu mna sehemu iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kufungua video. Video ikija katika mtindo ambao sehemu hiyo inaujua, kama H.264 ambayo karibu kila simu janja inaijua, kazi inakuwa nyepesi. Ikija katika mtindo isioujua, mzigo wote unaangukia prosesa kuu. Ni kama kukoboa mpunga mashineni na kuutwanga kinuni kwa mchi. Mchele utapatikana kote kuwili, jasho ndilo linalotofautiana.

Tuchukue AV1, mtindo wa video uliotoka 2018. Unasifiwa, na kwa haki, kwa kuipunguza video isile bando. Lakini hata Apple, pamoja na bei zao, simu yao ya kwanza yenye sehemu ya kuufungua ni iPhone 15 Pro ya 2023. Simu nyingi zinazopita kwenye meza yangu hazina. Kwa hiyo ukurasa ukimletea mzee wa Kigombe video ya namna hiyo, kile alichookoa kwenye bando anakilipa kwenye chaji. Na kule kwao chaji ikiisha baharini hakuna soketi.

Halafu kuna joto. Betri hizi za lithiamu huchakaa upesi zikichemka, na Apple wanashauri iPhone itumike mahali pasipozidi nyuzi 35. Njoo Tanga Februari, simu iko mfuko wa shati, jua la mchana, video tatu zinajicheza. Betri zilizovimba ninazotoa msimu huo nazijua kwa idadi ya vioo zilivyovibandua. Sisi husema Tanga waja leo waondoka leo. Kwa wageni maneno hayo hayatimii, wengi huganda hapa hapa, lakini kwa chaji yametimia.

Msinielewe vibaya, sisemi simu zikatae video. Nusu ya ufundi wangu wa miaka hii nimeupata kwa kutazama mafundi wa India wakibadilisha chipu za chaji, na nilitazama kwenye simu hiihii. Binti yangu husoma hesabu kwa njia hiyo. Tofauti ni kwamba mimi na yeye tulibonyeza wenyewe. Mvuvi hakubonyeza kitu. Na wenye vivinjari walichangia. Hadi 2016 kwenye iPhone video ya ukurasani ilisubiri uiguse. Baadaye zikaruhusiwa kujianzisha mradi zikae kimya, eti kwa kuwa kimya haina usumbufu. Chrome, kivinjari cha Google, nayo ilikuwa na njia ya kubana matumizi ya bando kwenye Android, ikaondolewa 2022.

Ninachotaka ni kidogo. Simu iwe na uwezo wote, lakini iwe na swichi moja iliyo mahali pa kuonekana, si iliyofichwa chini ya mipangilio sita, ya kusema video isianze hadi niiguse. Na ninyi wenye magazeti na tovuti, Ndugu Mhariri, ikiwa ni pamoja na ninyi mnaochapisha barua hii, muweke picha moja tulivu penye video, msomaji aamue. Mkihofia matangazo yatakosa watazamaji, mjue yule mzee hakuliangalia lile tangazo hata kidogo. Lilichezwa kwa chaji yake, likahesabiwa kuwa limetazamwa.

Kumpimia betri sikumlipisha. Nilimwekea Opera Mini, kivinjari chepesi, nikazima picha zote, akaenda zake. Juzi kapita tena, chaji inamfikisha asubuhi. Ila sasa ana lalamiko jipya, kwamba Coastal wamesajili golikipa na yeye haioni sura yake.

Fundi simu,
Ngamiani, Tanga