Zabuni za maabara ziulize umeme, si bei tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaotununulia vifaa vya maabara hospitalini na vyuoni.

Mimi ni mtaalamu wa maabara. Miaka kadhaa iliyopita, katika hospitali moja ya wilaya, tuliletewa friza ya sampuli ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Ilishinda zabuni kwa bei. Hakuna aliyeuliza inakula uniti ngapi. Friza za zamani za aina hiyo hula uniti 20 hivi kwa siku. Zilizoundwa kubana umeme hula 8 au 9. Tofauti ya uniti 11 kwa siku ni zaidi ya uniti 4,000 kwa mwaka, na friza hukaa miaka 10 au zaidi. Wapige hesabu ya LUKU waone kama nafuu ile bado ipo. Tena joto linalotoka mgongoni mwake lilitulazimu kuwasha kiyoyozi usiku na mchana.

Kwa hiyo fomu ya zabuni imtake muuzaji aandike matumizi ya umeme kwa siku, na yalipimwa chumba kikiwa na joto gani. Kipimo kilichofanyika kwenye chumba cha nyuzi 20 hakinisaidii Dar es Salaam mwezi Februari.

Hadubini za kupimia kifua kikuu zinatosha kuwa ushahidi kwamba umeme ni wa kuuliziwa. Taa yake ya zamani, ya zebaki, ilidumu saa 200 au 300, na ukiizima lazima ipoe kwanza ndipo iwake tena, hivyo tuliiacha inawaka tu. Ya LED unaizima ukienda kunywa chai, na umeme ukikatika inaendeshwa kwa betri. WHO iliipendekeza tangu 2011.

Nasi wa maabara tuna sehemu yetu. Bana karatasi kwenye mlango wa friza, kisha ivute: ikitoka bila kukwama, mpira umechoka na baridi inavuja. Karatasi yetu ilichomoka kama imewekwa mezani. Nyuma, vumbi lilikuwa limefunika mabomba mpaka huoni rangi yake. Tulisafisha kwa brashi ya kupakia rangi, tukakwangua barafu, tukabadilisha mpira. Kabla ya hapo mota haikuwa ikipumzika. Jioni ile tulisikia ikizima yenyewe.

Mtaalamu wa maabara,
Dar es Salaam