Barua kwa Mwanaidi: Mtoto wa Pazia

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi sana. Mimi huku sijambo, wasiwasi ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu. (Unakumbuka tulivyokuwa tukiyanakili maneno haya kule bwenini, hata kwa mtu anayelala kitanda cha juu yako?) Najua nimekaa kimya. Najua ulinipigia Idi pili sikupokea, na Mama Sele ameshanifikishia kwamba umenuna. Endelea kununa, una haki, lakini kwanza nisaidie.

Lile igizo la kuimba la darasa la sita, la Sungura na kisima, lilifanyika. Chini ya mwembe, jukwaa la madawati yaliyofungwa kamba, pazia la shuka mbili za Mama Sele, moja ina alama ya pasi katikati. Spika tulivuta umeme kutoka ofisini, na luku ikaisha kwenye wimbo wa pili. Mimi nikashika kichwa. Watoto wala! Fisi akachukua ndoo ya kisimani, akaigeuza ngoma, wakaendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Wazazi walidhani ndivyo tulivyopanga.

Basi Jumatatu yake nikawaambia kila mmoja aandike shairi kuhusu igizo. Nilijiandaa kusoma "tunamshukuru mwalimu mkuu" mara 38. Shoga, nimecheka peke yangu mpaka Baba Sele kupitia dirishani akauliza kama niko salama. Kuna shairi la kikohozi kilichomshika Simba. Kuna la mtoto aliyesahau maneno yake akajikuta anaimba wimbo wa Taifa, na waliokaa mbele wakasimama. Na kuna hili, la binti tuliyemfanya mti:

Nimepewa niwe mti, nisimame nisicheke,
Mwalimu kasema eti, nikiwashwa nisishike,
Mama kanishona koti, la kijani nipendeke,
Mti nao una moyo, natamani niitike.

Hesabu mwenyewe. Nane kwa nane, vina vimekaa, na kituo kimebeba mzigo wote. Miaka 12! Marehemu babu yako angeguna ile "mh" yake ya kukubali. Sikugusa hata herufi.

Kinachoninyima usingizi ni mtoto wa pazia. Huyu haimbi, hachezi, ukimuuliza jambo anajibu kwa kichwa. Tulimpa kamba avute. Kaandika hivi, kwenye nusu karatasi iliyochanwa:

Mimi ni wa pazia.
Pazia ni fupi, naona viatu vya wageni.
Viatu vya mama navijua.
Mama hakuujua mkono wangu.

Basi. Hakuna zaidi.

Mwalimu mkuu anatengeneza kijitabu cha mahafali ya darasa la saba, kinakwenda kuchapwa Jumatano, anataka mashairi sita. La mti kalipenda, anataka lighaniwe kabisa. Hili la pazia kalirudisha na wino mwekundu: "Si shairi." Simlaumu moja kwa moja. Yeye ni mtu wa ngonjera za yule mshairi Mnyampala: watoto wamesimama wima, mmoja anauliza, mwenzake anapinga, mwisho wote wanakubaliana na mgeni rasmi anapiga makofi. Hata igizo letu alilitangaza kwa wazazi kama "ngonjera ndefu yenye nguo". Nilimkumbusha kwamba Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yake ya mashairi huru yasiyofungwa na vina, mwaka 1974, na ugomvi wa vina na mizani watu wameshaugombana mpaka wamechoka. Akaniambia Kezilahabi hakusoma shule yetu. Utamjibu nini mtu kama huyo?

Sasa nikuungamie. Nilijaribu kulitengeneza. Juzi usiku nilikaa na kalamu, nikahesabu kwa vidole, nikatoka na "Mimi mvuta pazia, kazi yangu kuvutia", beti tatu nzima, vina kama shanga. Nikaona nimemwokoa mtoto. Asubuhi nikampa asome. Akasoma lote, taratibu, akanirudishia kwa mikono miwili, akasema, "Nzuri, mwalimu. Ni la nani?"

Nilikwenda nyuma ya choo cha walimu nikasimama kidogo.

Halafu najiuliza, labda mkuu ana hoja. Tukiwaambia watoto kila mistari minne ni shairi, nani atahangaika kutafuta kina? Yule wa mti alihangaika, aliniambia neno "nisishike" lilimchukua siku mbili. Lakini huyu wa pazia naye, mbona nikiondoa neno moja linaanguka? Jaribu. Toa "viatu vya mama navijua" uone. Na yule mama... nilimuuliza getini kama aliliona igizo. Akasema lilikuwa zuri sana, ila mwanawe hakumwona. Sikumwambia kitu. Nilitaka asome mwenyewe kwenye kijitabu, ndiyo maana nakusumbua usiku huu.

Mkuu anakuheshimu wewe kwa sababu ya babu. Kila ukitajwa anasema "watu wa Tanga wanajua shairi". Ukimwandikia mistari miwili, atasikia. Lakini usiandike kwa ajili ya urafiki. Kama unaona si shairi, niambie mimi kwanza, nitanyamaza.

Nijibu basi. Babu alikuwa anayaitaje maneno kama haya, yasiyo na vina lakini yanakukaba? Alikuwa anayaacha, au anayapanga upya kama nilivyofanya mimi? Na lile la mti, mghani wake awe binti mwenyewe au nimtafutie mwenye sauti? Unakuja lini Dar? Goti la mama limepoa? Ile mashine ya cherehani uliiuza kweli au ni maneno ya Mama Sele? Mtoto wa pazia kaniomba akae na ile kamba mpaka igizo la mwakani. Mali ya shule, na mimi ndiye niliyeisaini. Nimpe?

Wako asiyepokea simu,
Rehema

Mama Sele anasema shuka zake zirudi zimefuliwa. Ile alama ya pasi anadai haikuwepo.